Cruciverbalist: neno la Kilatini ambalo Mrumi asingelielewa

Mtu anayependa kujaza chemshabongo ya maneno, ile yenye visanduku vya mlalo na wima, amepewa jina refu kwa Kiingereza: cruciverbalist. Lina herufi 14. Jedwali la kila siku la magazeti ya Marekani lina visanduku 15 kwa 15, kwa hiyo neno hili halienei mstari mzima mpaka litiwe katika wingi, cruciverbalists. Hutamkwa kru-si-VA-ba-list, mkazo ukiwa kwenye silabi ya tatu. Ni neno la mzaha wa kisomi. Huvaliwa kama kofia ya sherehe, na mazungumzo ya kawaida hayana haja nalo.

Ukiuliza asili yake utapewa jibu la sekunde tano: crux ni msalaba, verbum ni neno, -ist ni mtu wa shughuli fulani. Jibu hilo si la uongo, ila limeruka mambo yote ya maana. Kwa nini mchezo uliozaliwa New York katika karne ya 20 upewe jina la Kilatini? Crux ya Warumi ina uhusiano gani na mistari inayokatana? Na ile -al- ya katikati imetokea wapi, ilhali Waitaliano na Wafaransa hawana?

Tuanze na mchezo wenyewe, kwa sababu fundo la kwanza lilifungwa na mpanga chapa.

Tarehe 21 Desemba 1913, gazeti la New York World lilichapa fumbo jipya katika nyongeza yake ya burudani iliyoitwa Fun. Mtungaji alikuwa Arthur Wynne, mhariri mzaliwa wa Liverpool aliyehamia Marekani akiwa kijana. Jedwali lake lilikuwa na umbo la almasi, tundu katikati, halina kisanduku cheusi hata kimoja, na neno FUN lilikuwa limekwishajazwa juu ili kumwonyesha msomaji pa kuanzia. Vidokezo havikugawanywa kwa mlalo na wima kama leo. Kila kimoja kilikuwa na namba mbili, ya kisanduku cha kwanza na ya kisanduku cha mwisho. Kidokezo cha 2-3 kiliuliza wanachokifurahia wanaotafuta vitu vya bei nafuu, jibu SALES. Cha 10-18 kiliuliza jina la nyuzi za mti fulani wa Asia wa jamii ya minazi uitwao gomuti, jibu DOH. Kidokezo kama hicho cha pili, ambacho hakuna binadamu anayekijua bila kamusi, hakijaacha kuwaudhi watu mpaka leo.

Wynne aliliita fumbo lake Word-Cross. Wiki chache baadaye, mapema mwaka 1914, maneno hayo mawili yakapinduliwa kwa makosa chumba cha uchapaji, yakatoka Cross-Word. Hakuna aliyejisumbua kuyarudisha.

Kwa msomaji wa Kiswahili kosa hilo laweza kuonekana dogo, kwa sababu sisi hutanguliza kitu chenyewe kisha sifa yake: msalaba wa maneno ni aina ya msalaba, maneno ya msalaba ni aina ya maneno. Kiingereza hufanya kinyume, neno la mwisho ndilo bwana. Word-Cross ni msalaba uliotengenezwa kwa maneno, kitu chenye umbo. Cross-Word ni neno linalokatana na lingine. Kwa kuzungushwa tu, cross iliacha kuwa jina la kitu ikawa sifa ya kitendo: kupita juu ya kingine, kukingamana. Mtu aliyekuja kutunga cruciverbalist alilifasiri neno kana kwamba mpanga chapa hakukosea. Alichukua cross akaiandika crux, yaani msalaba kama kitu.

Nusu mbili na ndugu zao

Kuna jambo moja zuri ambalo wengi wanaolieleza neno hili hulipita. Ukiviweka vipande vya crossword mkabala na vipande vya Kilatini, crux kwa cross na verbum kwa word, utaona kwamba kila kipande kimerudishwa kwa jamaa yake wa damu. Ila undugu wenyewe ni wa aina mbili tofauti.

Cross ni crux iliyosafiri. Wamisionari waliokwenda Ireland waliipeleka huko na Kiayalandi cha kale kikaifanya cros. Wanorse, mabaharia wa kaskazini, wakaichukua ikawa kross, na kwao ikaingia Kiingereza kabla ya mwaka 1100. Kabla ya hapo Waingereza waliuita msalaba kwa neno lao la asili, rod, ambalo bado lipo katika Kiingereza cha makanisani kama rood. Kwa hiyo cross ni mkopo: neno lililotoka Roma kwa miguu, likapita kwenye mashua, likafika limechakaa. Crux katika cruciverbalist ni neno lilelile, safari hii limetolewa moja kwa moja kabatini, halina vumbi la njiani.

Word na verbum hazikukopeshana. Hao ni watoto wa mama mmoja, lugha ya kale sana ambayo wataalamu huiita Kiindo-Ulaya asilia. Mama huyo alikuwa na sauti wanayoiandika dh. Katika Kilatini, sauti hiyo ikiwa jirani na r iligeuka b; katika Kiingereza iligeuka d. Mifano ipo wazi ukiipanga: Kilatini barba, ndevu, na Kiingereza beard, Kilatini ruber, -ekundu, na Kiingereza red, Kilatini verbum na Kiingereza word. Ondoa kiambishi -um, badili b kwa d, na unabaki na verd mbele ya word. Aliyetunga cruciverbalist huenda hakuwa akifikiria habari hizo, lakini matokeo ni kwamba neno lote ni crossword iliyovishwa joho la babu zake.

Crux haikuwa njia panda

Hapa ndipo neno linapopwaya. Kwa Mrumi crux ilikuwa mti wa kuulia watu. Katika michezo yao ya kuchekesha, mtu aliyetaka kumfukuza mwenzake alisema i in malam crucem, nenda kwenye msalaba mbaya, kama sisi tunavyomwambia mtu apotelee mbali. Kitenzi cruciare kilimaanisha kutesa, na kutoka kwake Kiingereza kina excruciating kwa maumivu yasiyovumilika. Mistari inayokatana haikuitwa crux. Walikuwa na decussare, kukatisha kwa umbo la X, kutokana na decussis, jina la namba kumi iliyoandikwa X. Na njia zilipokutana paliitwa compitum. Mrumi akisikia cruciverbalist angemdhania mtu huyo kuwa mtaalamu wa maneno ya kunyongea.

Basi crux ilipataje harufu ya kukatana na ya fumbo? Kwa njia mbili, zote za wasomi walioandika Kilatini karne nyingi baada ya Roma kuanguka.

Ya kwanza ni ya Francis Bacon, mwanafalsafa wa Uingereza. Mwaka 1620 alizungumzia instantia crucis, ushahidi unaoamua kati ya nadharia mbili, na akaeleza kwamba ameazima picha ya kibao cha njia panda, nguzo yenye mikono inayoonyesha barabara zinakoachana. Wanasayansi waliomfuata wakasema experimentum crucis, na Kiingereza kikapata crucial, jambo la kuamua. Hapo crux imekwishakuwa mahali njia zinapokutana na mtu anatakiwa kuchagua.

Ya pili ni ya wahariri wa maandiko ya kale. Sehemu ya maandishi iliyowashinda waliiita crux, mateso ya mfasiri, na wakiona mstari umeharibika kiasi cha kutotengenezeka waliuzungushia alama ya kisu, †, nayo ikaitwa crux vilevile. Kutoka kwao Kiingereza kilipata crux ikimaanisha fundo, kiini cha tatizo. Kwa hiyo kufikia karne ya 20 neno hili lilikuwa limebeba njia panda na fumbo gumu pamoja, na cruciverbalist likaweza kusikika sawa masikioni mwa watu ambao hawakujua lolote kuhusu mti wa Warumi.

Ile maana ya mateso nayo haikupotea kabisa. Edward Powys Mathers, aliyeanza kutunga chemshabongo ngumu mno katika gazeti la Observer la London mwaka 1926, alijiita Torquemada, jina la mkuu wa baraza la Hispania lililowatesa watu kwa ajili ya dini. Alipofariki mwaka 1939, nafasi yake ilichukuliwa na Derrick Macnutt, akajiita Ximenes, mkuu mwingine wa baraza lilelile. Mwaka 1972 akafuata Jonathan Crowther, aliyechukua jina la mkuu wa tatu, Deza, akalisoma kinyumenyume: Azed. Watu watatu kwa mfululizo wakijipa majina ya watesaji, kazi yao ikiwa kuwasumbua wasomaji asubuhi ya Jumapili. Cruciare yenyewe.

Mtegaji na mteguaji

Tumalize habari ya mkia. Kwa kanuni za Kilatini, crux ikiunganishwa huchukua shina cruc- na irabu ya kuungia -i-, ndiyo maana tunapata cruci- na si cruxi- wala crucio-. Ongeza verbum katika wingi, verba, na unapata cruciverba. Hilo hasa ndilo jina la mchezo kwa Kiitaliano, lugha iliyotangulia Kiingereza katika mtindo huu. Kichekesho ni kwamba -a ya wingi wa Kilatini imesahaulika: Mtaliano husema il cruciverba kwa fumbo moja na i cruciverba kwa mengi. Anayelijaza ni cruciverbista, na kwa Kifaransa cruciverbiste.

Mwingereza hakuwa na neno verbist la kuanzia. Alikuwa na verbalist, neno lililokuwepo zamani kwa mtu anayehangaikia maneno kuliko mambo, basi akalibandika cruci- mbele kama tela. Hiyo ndiyo asili ya -al-: haina kazi, ni mabaki ya neno lililokuwa tayari mezani. Na halikubandikwa mapema. Mchezo ulishika Marekani yote mwaka 1924, pale Simon & Schuster walipotoa kitabu cha kwanza cha mafumbo haya kikiwa kimefungiwa penseli, nakala 3,600, huku wakificha jina la kampuni yao wakihofia aibu. New York Times, lililoubeza mchezo huo wakati ule, lilisalimu amri tarehe 15 Februari 1942. Lakini cruciverbalist haikuzoeleka mpaka miongo ya mwisho ya karne hiyo.

Neno lenyewe lina upungufu mmoja wa kiutendaji. Kiingereza hulitumia kwa anayejaza na kwa anayetunga pia, na ukitaka kutenganisha inabidi uongeze maneno mengine. Wafaransa waliliona tatizo, wakapindua vipande: cruciverbiste anajaza, verbicruciste anatunga. Ni hila nzuri, ingawa Mfaransa mwenyewe huchanganya.

Kiswahili kingelimaliza jambo hili kwa herufi moja. Tuna kutega kitendawili na kutegua kitendawili, kufumba na kufumbua. Ile -u- ya kutendua, inayotenganisha kufunga na kufungua, ndiyo inayotenganisha pande mbili za mchezo. Mtegaji na mteguaji. Anayetaka istilahi ya cruciverbalist kwa Kiswahili asihangaike na msalaba, aanzie hapo.

Kinachokatana hasa

Ili kuona cruci- inarejelea nini, tazama jedwali dogo la 6 kwa 6:

B A H A R I
■ ■ A ■ A ■
K A R A M U
■ ■ U ■ A ■
S A F I N A
■ ■ U ■ I ■

Mlalo: 1. Mwambao umepakana nayo. 2. Watu hula wakashiba. 3. Ya Nuhu. Wima, safu ya tatu: Pua huitambua. Wima, safu ya tano: Humwonyesha msafiri njia.

Maneno matano, visanduku sita vya kukatana: H, R, R, M, F, N. Hivyo sita ndivyo cruci-. Kila kimoja kinahudumia maneno mawili, na herufi ikithibitishwa na mlalo, wima inaipata bure. Sasa angalia herufi gani zinakatana: konsonanti tupu. Maneno yote matano yamepangwa konsonanti, irabu, konsonanti, irabu, na tumeyakatisha kwenye nafasi za kwanza, tatu na tano. Irabu zote zimebaki bila mthibitishaji.

Hilo ni kosa la utunzi, na madhara yake yanaonekana mara moja. Mteguaji aliyejaza mistari mitatu ya mlalo anaona safu ya tatu H, R na F, na nafasi tatu wazi. HARUFU inaingia, HERUFI nayo inaingia. Mlalo wa kwanza kwa upande wake una H na R tu zilizothibitishwa: BAHARI, MAHARI na MAHIRI zote zinafaa. Kama kidokezo kina utata hata kidogo, jedwali haliwezi kumwokoa. Dawa ni kusogeza baadhi ya makutano yaangukie kwenye irabu, au kutia maneno yenye mb, nd, sh, ambayo huvunja ule mpangilio wa zamu kwa zamu.

Na kuna sababu chemshabongo za Kiswahili haziwezi kufuata mtindo wa Marekani, ambako kila herufi lazima ikatane na neno halina ruhusa ya kuwa na herufi chini ya tatu. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu. Katika jedwali lililojaa, kila mstari unaofika ukingo wa kulia unaishia hapo kwa irabu, kwa hiyo safu ya mwisho inakuwa irabu tupu kutoka juu hadi chini, na mstari wa chini kabisa vilevile. Mtungaji anabaki kurudia aoe, uoe, aue: ama watu wanaoana ama wanauana. Mtindo wa Uingereza, wa kimia chenye visanduku vyeusi vingi na takriban nusu ya herufi kukatana, ndio unaotufaa.

Jambo moja zaidi kwa anayetaka kutunga: amua mapema ng' inachukua visanduku vingapi, kisha uiandike katika maelekezo. Ukiacha kimya, nusu ya wasomaji wataweka n na g' katika visanduku viwili, nusu wataipa alama ile kisanduku chake, na NG'OMBE haitaingia.

Makosa ya kawaida kuhusu neno lenyewe ni machache. Watu huandika crucioverbalist, kwa kudhani irabu ya kuungia ni -o- kama katika maneno ya Kigiriki. Ni -i-, kwa kuwa vipande vyote viwili ni vya Kilatini. Wengine hulieleza kama crucial na verbal zilizobanwa pamoja. Crucial ni binamu, si mzazi. Wengine hulitumia kwa wachezaji wa Scrabble, ambako maneno hukatana vilevile, lakini matumizi yamelifunga kwenye chemshabongo peke yake.

Na ukitaka kulijaribu jina hili kwa kipimo cha mchezo wenyewe, viandike vipande vyake visandukuni. CROSS na WORD vinaweza kukatana, kwenye O au kwenye R. CRUX na VERBUM pia, kwenye R au U. Kwa Kiswahili, MSALABA na NENO havina hata herufi moja ya pamoja. NJIAPANDA na NENO zinakatana kwenye N.